Jina la Mchukia Plau

Tulimzika Festo mwezi uliopita, katika makaburi yenye misonobari upande wa kusini wa jiji. Kasisi, kijana wa Kiswidi mwenye sauti nzuri, alilitamka jina la ukoo la marehemu bila kujikwaa hata mara moja. Nilikuwa nimesimama nyuma pamoja na wazee wenzangu wa mtaa wa Hallunda, na pembeni yangu Mama Rukia, ambaye siku hizi hutembea kwa kusukuma kigari, alitikisa kichwa. "Hassenpflug," alininong'oneza. "Miaka yote hii, ulimi wangu bado unateleza." Baadaye ukumbini, tulipokuwa tukinywa kahawa, binti wa marehemu alikuja kukaa karibu nami. Anaitwa Lulu. Amezaliwa hapa hapa. Ukimsemesha Kiswahili anakuelewa vyema, ila majibu yake hutoka kwa Kiswidi. Siku hiyo alijikaza. "Shangazi," alisema kwa Kiswahili, "baba alisema wewe unajua jina letu limetoka wapi. Nikimuuliza yeye, ananiambia, muulize Eliwaza. Kwa nini wewe?" Nikamjibu kwamba ni habari ndefu, nitamsimulia siku nyingine. Akanitazama kidogo zaidi ya ilivyo adabu. Ninaujua mtazamo ule. Ni wa mtu anayekushuku na hana ushahidi, nami niliutumia karibu mwaka mzima juu ya baba yake.

Nilikotoka, na wazazi walionizaa, siyo habari ya mwaka huo. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, nasomea uuguzi katika hospitali kubwa ya Flemingsberg, na nilipanga chumba kule Hallunda nyumbani kwa Mama Rukia, mjane wa Tanga aliyekuwa akifanya usafi shuleni. Chumba kilikuwa chembamba kama ukanda: kitanda, kabati ambalo mlango wake haukukubali kufunga, na dirisha lililotazama maegesho ya magari nyuma ya maduka. Ukuta uliokitenga na jikoni ulikuwa wa mbao nyepesi, kwa hiyo niliyasikia yote yaliyosemwa kule, na hasa yaliyosemwa kwa kunong'ona. Kila Jumapili Waswahili wa upande ule walikutana katika jiko hilo. Walikuja Watanzania, Wakenya waliochanganya Kiingereza, Warundi wawili watatu, na Wakongo. Mama Rukia alipika wali kwa nazi ya kopo, samaki wa kupaka, mchicha wa barafu uliogeuka uji, na hakuna aliyelalamika. Nikiikumbuka leo meza ile, harufu ya iliki inakuja kwanza, halafu nakumbuka jinsi tulivyokuwa tukishusha sauti katikati ya sentensi bila sababu. Karibu kila mmoja wetu alikuwa anasubiri barua ya ofisi ya uhamiaji, na mtu anayesubiri barua huwaogopa watu wote, hata yule anayempitishia chumvi.

Festo alikuja mara ya kwanza majani yalipokuwa yakipukutika. Alikuwa mrefu, mweusi wa kung'aa, mwenye mikono mikubwa na udongo usiotoka katika kucha. Alisema amekuja nchini kujifunza kilimo cha bustani kwa mpango wa kanisa, na sasa anafanya kazi katika vibanda vya vioo vya maua kule Hässelby, anaishi darini kwa mwenye bustani. Hässelby iko mwisho wa jiji upande wa pili. Ili ufike kwetu unapanda treni mbili na kukaa njiani zaidi ya saa nzima. Hilo peke yake lilinitia wasiwasi. Nani asafiri hivyo kwa ajili ya sahani ya wali?

"Waitwa nani, mwanangu?" Mama Rukia alimuuliza.

"Festo, mama."

"Festo nani? Hapa tuna akina Festo wawili tayari."

Alisita. "Festo Hassenpflug."

Mama Rukia, mwiko mkononi, akauliza kwa upole: "Hilo ni jina, baba, au umepaliwa?"

Tulicheka, naye akacheka. Asiyecheka alikuwa Papa Dieudonné. Huyu alikuwa Mkongo wa Bukavu, mwalimu wa zamani, mtu wa suti moja iliyopigwa pasi vizuri, na alikuwa amesubiri jibu la ukimbizi kuliko yeyote kati yetu. "Ile jina ni ya Wadachi," alisema, akimaanisha Wajerumani. "Weye ulipata wapi jina ya Wadachi? Métis, chotara, hauko."

"Ni jina la babu yangu."

"Na babu aliitoa wapi?"

"Alilikuta," Festo alijibu, akainamia sahani yake.

Alilikuta. Neno hilo nililitafuna wiki nzima. Mtu hukuta jina wapi? Barabarani? Tena Jumapili zilizofuata Festo mwenyewe ndiye aliyekuwa akiuliza. Alimuuliza kila mtu aliingiaje nchini, karatasi alizipataje, ofisi ilimuuliza nini, ilichukua muda gani. Leo naona wazi kwamba aliuliza kama mtu aliyehitaji kujua, maana kibali chake kilikuwa kinakaribia kuisha. Wakati ule niliona mambo mengine. Niliona kwamba hukaa akiutazama mlango. Niliona kwamba akiulizwa habari za kwao hutaja Lushoto tu, kisha anageuza mazungumzo yawe ya mbolea. Naye akishaondoka kuwahi treni, mimi nikiwa chumbani na vitabu vyangu vya mifupa na misuli, nilisikia maneno yakipita ukutani.

"Mutu anayeuliza karatasi yako ulipata je," Papa Dieudonné alikuwa akisema, "ule ni mutu wa karatasi. Kwetu banakuya vile. Banakula na weye, banakuuliza, kisha banarudi na basoda na bunduki. Je connais ça, miye najua."

"Msimzulie mtu, jamani," alisema Mama Rukia. Halafu, mwiko ukizunguka sufuriani: "Lakini jina lile, wallahi, silo la mwana wa Kishambaa."

Baridi ilipoingia Festo aliniomba mambo mawili kwa mkupuo. Dari yake ilikuwa inavuja, na alikuwa na bahasha ya karatasi zake. Mimi nina kabati, je, naweza kumhifadhia? Na la pili: ofisi ilitaka jina la mtu anayemfahamu, ambaye wangeweza kumpigia simu. "Nimeandika jina lako, dada Eliwaza. Wewe Kiswidi chako kimenyooka. Si vibaya?" Nikasema si vibaya. Nilichukua bahasha nikaiweka chini ya mashuka. Ikakaa humo siku tisa. Siku ya kumi niliitoa. Haikuwa imegundishwa, nami nilijiambia hivyo, kana kwamba bahasha isiyogundishwa imetoa ruhusa.

Ndani kulikuwa na nakala ya pasipoti na cheti cha ubatizo kilichokunjwa mpaka kikachanika pembeni. Kwenye pasipoti aliandikwa Hassenpflug. Kwenye cheti cha ubatizo, kwa mwandiko wa wino uliofifia, aliandikwa Hasenflug. Niliweka karatasi mbili sambamba juu ya blanketi, nikafuata herufi kwa kidole. Mbili hazikuwepo. Moyo ulinidunda, na nitasema kweli, haukudunda kwa huzuni. Ulidunda kwa furaha ya mtu aliyeona kwamba hakukosea. Jioni ile, tulipokuwa tukiosha vyombo, nilimweleza Mama Rukia. Jumapili iliyofuata nikasikia ukutani sauti ya Papa Dieudonné: "Passeport ya kununua! Nilisema!" Na sikuwa na mtu wa kumlaumu isipokuwa mdomo wangu.

Simu ya ofisi ilikuja wiki chache baadaye, mchana, nikiwa nimerudi kutoka darasani. Simu ya nyumba ilikuwa ukumbini, hatua mbili kutoka jikoni, na Mama Rukia alikuwa akichambua mchele. Sauti ya mwanamke, ya heshima sana, iliniuliza kama namfahamu bwana Hassenpflug, tangu lini, na kama kuna jambo lolote ningependa kusema. Ningeweza kusema ni mtu mpole, anakula mezani kwetu kila wiki, anabeba mifuko ya Mama Rukia ngazi zote. Yote hayo niliyajua. Badala yake nilifikiria mafunzo yangu, kibali changu mwenyewe, na jinsi itakavyokuwa siku watakapogundua kwamba nilimdhamini tapeli. Nikasema: "Jag känner honom inte så väl." Simfahamu vizuri hivyo. Mwanamke akangoja. Nikaongeza: "Jag vet bara att namnet stavas på två sätt." Ninachojua ni kwamba jina lake linaandikwa kwa namna mbili. Akanishukuru sana.

"Nani huyo?" Mama Rukia aliuliza.

"Watu wa shule," nilisema.

Katika nchi hii, kabla ofisi haijaamua jambo lako, hukutumia kwanza yale yote yaliyosemwa kukuhusu ili uyajibu. Sheria hiyo sikuijua. Niliijua siku Festo alipokuja na barua, akaketi kwenye ukingo wa kitanda changu, mlango ukiwa wazi kwa adabu, akaniomba nimsomee kwa sababu Kiswidi cha ofisi kilimshinda. Niliisoma kimya kwanza. Mstari wa tatu ulisema kwamba mtu aliyetajwa na mwombaji ameeleza kuwa hamfahamu vizuri, na kwamba jina la mwombaji huandikwa kwa namna mbili. Nikaanza kutafsiri kwa sauti. Mstari wa kwanza, wa pili. Nikafika wa tatu, nikaruka. "Wanataka maelezo kuhusu tahajia ya jina," nilimwambia. "Wanasema kuna namna mbili."

"Wamejuaje?" aliuliza Festo.

"Hawakusema."

Alinitazama, akaitazama barua, akaikunja. Alirudi kwake, na swali lake likabaki jikoni likitafuta mwenyewe. Wamejuaje? Nani amesema? Watu walihesabu waliojua, na kidole kikaenda kwa yule aliyepiga kelele kuliko wote. Walisema Papa Dieudonné ameandika barua kwa ofisi ili ajipendekeze, wapate kumharakishia jibu lake. Alikana kwa Kiswahili, akakana kwa Kifaransa, akanyamaza. Baada ya hapo alikula kwenye kigoda karibu na friji, sahani magotini, na viti vya mezani vilijaa bila yeye. Nilimpita kila Jumapili nikienda kuchukua maji. Nilimpita, nikarudi, nikakaa. Nimeuguza watu wengi tangu hapo, nimefunga macho ya waliokufa, lakini ikija aibu yangu, huja ikiwa na umbo la kigoda kile.

Wakati huo mwishoni mwa juma nilikuwa na kibarua cha kuwatembelea wazee majumbani kule kule Hässelby: kuwaosha, kuwapa dawa, kuwapashia viazi moto. Mmoja wao aliitwa Bi Irmgard. Aliishi ghorofa ya kwanza na alishuku kila kitu. Mapazia yake yalifungwa nusu mchana kutwa, naye alisimama nyuma yake akiwatazama majirani. Ukigonga, aliuliza mara mbili wewe ni nani, hata kama alikuona ukivuka barabara. Kiswidi chake kilikuwa kizuri mno, kimekatwa kingo zote, na majirani waliamini ametoka Finland. Siku moja nikifuta vumbi niliona kwamba nyuma ya vitabu vya Kiswidi kulikuwa na safu nyingine ya vitabu, migongo imegeuziwa ukutani. Niligeuza kimoja. Kilikuwa cha Kijerumani.

"Kirudishe," alisema nyuma yangu.

Nikakirudisha. Nilipaswa kunyamaza. Lakini siku za Festo za kujibu barua zilikuwa zinakwisha, na nilikuwa silali vizuri. Nikageuka nikamuuliza: "Bibi, Hassenpflug maana yake nini?"

Nilidhani atanifukuza. Badala yake uso wake ulifunguka, na kwa mara ya kwanza nikamsikia akicheka, kicheko kikavu kama cha mlango uliokaa muda bila kufunguliwa. "Hassenpflug! Nani amekupa hilo? Sijalisikia tangu nikiwa mwalimu." Akaketi, akaniamuru niketi. Akaniambia kwamba zamani kwao watu wa kawaida hawakuwa na majina ya ukoo. Majirani ndio walioyatoa. Mwenye nywele nyekundu aliitwa Mwekundu, mwoka mikate akaitwa Mwoka. Lakini wapo waliopewa sentensi nzima, kwa dhihaka. Mlevi mmoja ataitwa Maliza-kikombe, na wajukuu zake, hata wakiwa hawanywi ila maji, watazikwa kwa jina hilo. "Hassen ni kuchukia," alisema. "Pflug ni plau, lile jembe la kukokotwa na ng'ombe. Mchukia plau. Ni jina la mkulima aliyedharauliwa na wenzake kwa sababu hakutaka kulima. Ni jina la nadra. Wewe umelipata wapi?"

Nikamweleza. Sikumweleza yote, nilimwambia tu kuna mtu, na kuna karatasi mbili. Nikaandika Hasenflug pembeni ya gazeti.

"Hili halina maana," alisema. "Ukilisoma hivi ni mruko wa sungura. Sungura anaruka angani!" Akacheka tena, halafu akajikamata, akatazama pazia. "Sikiliza. Mimi ni wa kaskazini, wa pwani ya Baltiki. Kwetu ile p mwanzoni mwa Pflug haitamkwi. Tunasema flug. Mtu wa kwetu alilitamka jina hili, na aliyeandika akaandika kile alichosikia. Ndiyo yote. Hakuna udanganyifu hapo, kuna sikio tu." Kisha akaniinulia kidole. "Ila usimdanganye kijana huyo kwamba ana jina la bwana mkubwa. Hakuna bwana aliyewahi kujichagulia jina hili."

Nilitoka pale nikaenda moja kwa moja kwenye vibanda vya vioo. Ndani kulikuwa na joto la unyevu na harufu ya udongo, nje theluji ikiyeyuka. Festo alikuwa akihamisha miche kutoka trei ndogo kwenda vyungu. Nikamwambia maana ya jina lake kama nilivyoambiwa. Mikono yake ikasimama.

"Rudia," alisema.

"Mchukia plau."

Aliketi juu ya gunia la mbolea. Halafu akaniambia, na hii ndiyo habari ambayo binti yake anaitafuta. Babu yake, akiwa kijana, alifanya kazi katika shamba la kahawa la Mjerumani huko milimani. Ng'ombe wa kulimia wakafa kwa ugonjwa, na msimamizi akawafunga vijana kwenye nira mahali pa ng'ombe. Siku ya tatu babu akaketi chini katikati ya mtaro wa plau. Wakamchapa kiboko, hakuinuka. Mchana huo huo karani alikuwa akiandika vipande, zile kadi za kazi ambazo kila kibarua alitakiwa kuwa nazo, na zamu ya babu ilipofika, kabla hajafungua kinywa, msimamizi alitaja neno na Wazungu wote wakaangua kicheko. Karani akaliandika. Babu hakuwahi kujua maana yake. Alipobatizwa, akaulizwa jina, alilitaja lile lile, na kanisani wakaandika walichosikia; pasipoti ndiyo iliyofuata kipande.

"Kwa nini alilishika?" niliuliza.

"Baba aliwahi kumuuliza. Akasema, jina ulilochapwa nalo ni lako." Festo alijigusa bega la kulia. "Alikuwa na mtaro hapa, dada, unaingia vidole viwili. Na mpaka anakufa alilima kwa jembe la mkono. Serikali ilipoleta plau kijijini, watu wote walikwenda kutazama. Yeye alikaa ndani."

"Basi kwa nini ulificha? Ungetuambia tangu siku ya kwanza."

"Sisi nyumbani tuliamini ni jina la msimamizi mwenyewe. Majirani walituita watoto wa Mjerumani, na baba alipigana shuleni kwa sababu hiyo. Wewe ungewezaje kukaa mezani kwa watu ukasema, ninaitwa kwa jina la aliyemfunga babu yangu nira?"

Nimelifikiria jambo hili kwa miaka mingi, na sitaki kulinyoosha kuliko lilivyo. Huenda kweli palikuwa na Mjerumani aliyeitwa hivyo, na jina likamwangukia babu kwa uvivu wa karani. Bi Irmgard mwenyewe alisema linawezekana hilo pia. Hakuna karatasi itakayotuambia. Lakini nilimwona Festo siku ile akiinuka kwenye gunia, akanawa mikono, akalitamka jina lake polepole mara mbili kama mtu anayejaribu kiatu. Aliliamini. Mimi pia nililiamini.

Ilibaki kuieleza ofisi, na mimi nisingeaminika. Nilimwomba Bi Irmgard aandike. Alikataa. "Wataniuliza ninajuaje," alisema. Nikamjibu aseme ukweli. "Mwanangu, miaka arobaini watu wa nyumba hii wanadhani mimi ni wa Finland. Unajua nilivyotazamwa nilipofika, kabla sijajifunza kuficha? Mkate walinirushia kwenye kaunta." Nilimpashia viazi vyake, nikamkatia majani ya kiungo juu yake. Nilipokuwa navaa koti aliniita, akasema nifunge pazia lote kisha nimshushie mashine ya chapa kutoka juu ya kabati. Aliandika ukurasa mzima kwa vidole viwili. Alieleza hassen na Pflug, alieleza p isiyosikika, alieleza sungura. Mwishoni, chini ya jina lake, aliandika mji aliozaliwa na neno "Ujerumani", akaishika karatasi mbali na macho yake kwa muda, kana kwamba ni picha ya mtu aliyemfahamu. "Ipeleke upesi," alisema, "kabla sijaichana."

Uamuzi ulifika siku za mwanzo wa joto. Festo hakuja nao chumbani kwangu. Alikuja nao Jumapili, jikoni, watu wote wakiwepo, akauweka mezani mbele yangu kati ya bakuli la wali na chupa ya chai.

"Nisomee, dada Eliwaza," alisema. "Kwa sauti, ili nao wasikie."

Amekubaliwa, hilo lilikuwa juu kabisa, na nilipolisema Mama Rukia alipiga kigelegele, watu wakampiga Festo mgongoni. Nikadhani tumemaliza. "Endelea," alisema. Nikaendelea kutafsiri maelezo ya shauri, mstari kwa mstari, na nilipofika pale nilipopajua niliruka tena, kwa urahisi zaidi ya mara ya kwanza.

"Umeruka," alisema Festo.

Nikasogeza kidole kwenye mstari uliofuata.

"Ile barua ya kwanza pia uliruka. Niliporudi Hässelby nilimpa mwenye bustani anisomee. Yeye hakuruka."

Basi alikuwa amejua. Miezi yote ile alikuja, akala mkabala nami, akaniambia asante dada. Siku aliyoniambia habari za babu yake, juu ya gunia, alikuwa anajua anazungumza na nani. Nimejaribu mara nyingi kuelewa kwa nini aliniambia hata hivyo, na sijaelewa.

"Sikutaka kulisema," aliendelea, bila hasira. "Lakini Papa Dieudonné amekula kwenye kigoda tangu baridi. Soma, dada."

Nikasoma. Kwa Kiswahili, maneno yale yalikuwa mazito kuliko nilivyoyatamka kwenye simu. Nilipomaliza, kifuniko cha sufuria kilikuwa kikitetemeka kwa mvuke. Nilimsikia Papa Dieudonné akiinuka nyuma yangu. Alileta sahani yake, akavuta kiti, akaketi mezani, akanyoosha mikono ya suti yake. Hakunitazama. "Excusez-moi," alisema kwa jirani yake, "mupitishe chumvi."

Nilingoja Festo aondoke, au aniondoe. Hakufanya hivyo. Alisogeza kiti chake karibu na changu, akaweka kidole chake chenye udongo juu ya ule mstari.

"Ulivyosema wewe kwenye simu, kwa Kiswidi. Ilikuwaje? Nataka nijue kuisema. Naona katika nchi hii nitaisikia sana."

"Kaka Festo, tafadhali."

"Polepole," alisema. "Neno moja moja."

Nikamwambia. Jag känner honom inte så väl. Akarudia, akakosea kwenye känner, akaitamka k kama k. Nikamsahihisha, k ya pale hulainika kama sh. Akarudia. Akakosea väl. Nikamsahihisha. Jikoni hakuna aliyekula, hakuna aliyecheka, na Mama Rukia alikuwa amegeukia dirisha. Mara ya nne aliisema bila kosa, kwa sauti tulivu, na mdomoni mwake ilikuwa sentensi ya kawaida kabisa ya mtu anayejibu simu.